Kwa Nini Picha Inanenepa: Historia ya Konsoli, Waya na Projekta

Haya basi, leo tuweke msimbo kando kidogo tuzungumzie mambo ya sebuleni.

Chukua PlayStation 2, chukua projekta ya skrini pana, tafuta ukuta mweupe, kisha unganisha ile kebo ya plagi tatu: njano, nyeupe na nyekundu. Picha itakuja. Lakini itazame vizuri. Wachezaji wa mpira wamenenepa kama waliokula sikukuu mbili mfululizo. Maandishi ya matokeo yana ukungu. Na ukibonyeza kitufe cha kupiga, mguu unachelewa kidogo, mpira umeshapita.

Wengi wakiona hivyo husema projekta ni mbovu au konsoli imezeeka. Mara nyingi vyote viwili ni vizima. Kila kimoja kinatii makubaliano ya mwaka wake, na miaka hiyo haielewani. Kunenepa ni shida ya umbo la skrini, ukungu ni shida ya waya, kuchelewa ni shida ya hesabu zinazofanyika ndani ya projekta. Kila shida ina historia yake, na ukiijua utajua pa kurekebisha. Tuanze mwanzo.

Konsoli iliyojifanya stesheni

Mwaka 1966 mhandisi Ralph Baer, mzaliwa wa Ujerumani aliyekimbilia Marekani akiwa kijana mwaka 1938, alikuwa akifanya kazi katika kampuni ya Sanders Associates huko New Hampshire. Tarehe 1 Septemba mwaka huo aliandika kurasa nne za wazo lake: runinga zimejaa majumbani, kwa nini zisifanye kitu kingine zaidi ya kupokea matangazo?

Swali gumu lilikuwa mahali pa kuingilia. Runinga ya wakati ule haikuwa na tundu la kuchomeka kifaa. Ilikuwa na mlango mmoja tu, nao ni wa antena. Kwa hiyo Baer na wenzake wawili, Bill Harrison na Bill Rusch, walitengeneza kifaa kilichojifanya stesheni ya runinga: kilichukua picha, kikaipandisha juu ya wimbi la redio, kikaipenyeza kwenye skrubu za antena. Ulizungusha chaneli hadi ya 3 au ya 4, na runinga ikadhani imepata matangazo.

Kifaa hicho kiliuzwa mwaka 1972 kwa jina la Magnavox Odyssey, konsoli ya kwanza ya nyumbani. Haikuwa na rangi wala sauti. Ilionyesha vidoa vyeupe na mstari. Mandhari ya mchezo yalichapwa kwenye karatasi za plastiki angavu ambazo mchezaji alizibandika juu ya kioo cha runinga. Karatasi hizo zilikuja kwa vipimo viwili, kwa sababu runinga za watu hazikulingana ukubwa. Kwa hiyo suala la "skrini yangu hailingani na mchezo" lilizaliwa siku moja na konsoli yenyewe.

Ule ujanja wa kujifanya stesheni ulidumu sana. Atari 2600 ya mwaka 1977 iliutumia. Famicom ya Nintendo iliyotoka Japani mwaka 1983 iliutumia. Hasara yake ni kwamba picha inapandishwa kwenye wimbi la redio kisha inashushwa tena, na kila hatua inachafua kitu.

Hz 50, Hz 60 na sisi wa PAL

Kuna mgawanyiko mwingine ambao watu wa Afrika Mashariki wanaujua kwa uchungu. Marekani iliweka mfumo wake wa rangi, NTSC, mwaka 1953: mistari 525, na picha inachorwa takriban mara 60 kwa sekunde. Ujerumani na Uingereza zilianza kurusha PAL mwaka 1967: mistari 625, mara 50 kwa sekunde. Mifumo hii ilifuata masafa ya stima ya kila upande, Hz 60 kwao na Hz 50 huku. Kenya, yenye stima ya Hz 50, ikafuata PAL.

Matokeo yake yalionekana kwenye michezo. Mchezo ulioandikwa Japani huhesabu muda kwa fremu. Ukiambiwa "sogea pikseli mbili kila fremu", kwenye Hz 50 utasogea mara 50 badala ya 60. Kampuni isipojisumbua kurekebisha hesabu, mchezo mzima unapungua kasi kwa asilimia karibu 17, muziki pia. Sonic the Hedgehog ya mwaka 1991 kwenye Mega Drive ya PAL ni mfano maarufu: nungunungu mwenye sifa ya mbio, na kwetu alikimbia polepole kuliko kwao. Juu ya hayo, kwa kuwa PAL ina mistari zaidi, mingi ilibaki mitupu na kuwa mikanda myeusi juu na chini. Sega ilipoleta Dreamcast Ulaya mwaka 1999, michezo mingi ilikuuliza kwanza kama unataka Hz 50 au 60.

Na kama jamaa alikuletea konsoli kutoka Marekani, ulikuwa na mitihani miwili. Wa kwanza ni volti 120 dhidi ya 240 zetu, na huo ukikosea unanusa moshi. Wa pili ni runinga ya PAL pekee, ambayo mara nyingi ilionyesha picha ya NTSC bila rangi. Projekta nyingi, tofauti na runinga za zamani, husoma NTSC na PAL zote. Kwa hiyo konsoli iliyokuwa nyeusi na nyeupe kwenye runinga inaweza kupata rangi zake ukutani.

Kutenganisha kilichochanganywa

Hatua ya kwanza ya kuondoa ukungu ilikuwa kuacha kujifanya stesheni. NES ya mwaka 1985 ilikuwa na matundu ya plagi ubavuni: moja la picha, moja la sauti. Ile plagi ya njano ndiyo hiyo, inaitwa kompositi, yaani mwangaza na rangi zimechanganywa kwenye waya mmoja. Shida ni kwamba kuvitenganisha tena hakufanyiki kikamilifu. Ndiyo maana kwenye kingo za herufi nyekundu unaona vidoa vinavyotambaa kama siafu.

Baada ya hapo historia ni ya kutenganisha zaidi na zaidi. S-Video ilikuja mwaka 1987 pamoja na mikanda ya S-VHS ya JVC: mwangaza waya wake, rangi waya wake. Ufaransa ilikuwa tayari na kiunganishi cha SCART chenye pini 21, na kuanzia mwaka 1980 kila runinga mpya iliyouzwa huko ililazimika kuwa nacho. SCART iliweza kupitisha nyekundu, kijani na buluu kila moja peke yake, yaani RGB. Kisha ikaja komponenti yenye plagi za kijani, buluu na nyekundu, na hapo konsoli zikaanza kutoa picha nzima kwa mkupuo mmoja badala ya nusu nusu.

Hilo la nusu nusu linahitaji maelezo, kwa sababu litarudi. Runinga ya zamani ilichora mistari yote ya namba witiri kwanza, kisha ya namba shufwa, kwa kupokezana. Jicho liliziunganisha. Lakini konsoli za miaka ya 1980 na mapema ya 1990 zilikuwa na hila yao: zilituma mistari ileile 240 kila mara bila kupokezana, jambo ambalo halikuwa katika vitabu vya utangazaji. Runinga ya mrija ilikubali bila swali. Projekta ya kisasa mara nyingi haikubali. Inadhani ni nusu mbili za picha moja na kujaribu kuzishona. Mhusika anayemetameta baada ya kugongwa na adui anaweza kutoweka kabisa, kwa sababu alikuwa akionekana fremu moja na kukosekana nyingine.

Umbo: 4 kwa 3 ilitoka wapi, na 16 kwa 9

Sasa tufike kwenye kunenepa. Umbo la 4:3 lilitoka kwenye filamu. Maabara ya Edison, kupitia kazi ya William Dickson miaka ya 1890, iliweka fremu ya filamu ya milimita 35 yenye matundu manne, na umbo lake likawa takriban 4:3. Runinga ilipokuja ikachukua umbo lilelile. Sinema zilipoona wateja wanabaki nyumbani, zikajibu kwa upana: CinemaScope ilianza kuonyeshwa mwaka 1953 kwa filamu ya The Robe.

Miaka ya 1980 wahandisi wa runinga ya ubora wa juu walihitaji umbo moja la kubeba yote. Kerns Powers, wa chama cha wahandisi wa filamu na runinga cha Marekani, SMPTE, alichora maumbo yaliyokuwa yakitumika, kila moja likiwa na eneo sawa, akayapanga yote kitovu kimoja. Aliona kwamba mstatili unaoyafunika yote una uwiano wa karibu 1.77. Jaribu mwenyewe kwenye kikokotoo: zidisha 1.33 kwa 2.35, kisha tafuta kipeuo cha pili cha jibu. Hiyo ndiyo 16:9. Ni maelewano ya kihesabu, umbo ambalo halimpendelei yeyote na halimdhulumu mno yeyote.

Konsoli zilichelewa kulifuata. GoldenEye 007 ya mwaka 1997 kwenye Nintendo 64 ilikuwa na chaguo la 16:9, lakini haikutuma pikseli zaidi. Ilibana picha kwa upana na kutegemea runinga iivute. Wii ya mwaka 2006 ilifanya vilevile. Mambo yaligeuka na Xbox 360, Novemba 2005, ambayo ililenga pikseli 1280 kwa 720 za umbo pana tangu mwanzo. Waliobaki na runinga za kawaida ndio sasa wakaumia: Dead Rising ya mwaka 2006 ililalamikiwa sana kwa maandishi madogo yasiyosomeka kwenye runinga za zamani.

Kwa hiyo unapoona mchezaji amenenepa, jua projekta imechukua picha ya 4:3 na kuivuta ijaze 16:9. Amenenepa kwa thuluthi moja kamili. Dawa iko pande mbili. Kama mchezo una chaguo la skrini pana, liwashe. Kama hauna, iambie projekta ionyeshe 4:3 na ukubali ukuta mtupu kushoto na kulia.

Projekta nayo ina ukoo wake

Projekta ya nyumbani haikuanza na sisi. Henry Kloss, kupitia kampuni yake ya Advent, aliuza VideoBeam mapema miaka ya 1970: mirija mitatu, nyekundu, kijani na buluu, ikirusha picha tatu zilizotakiwa kuangukiana sawasawa. Ilikuwa nzito kama kabati, na konsoli zilikuwa adui yake. Alama za mchezo zikikaa pale pale saa nyingi huchoma fosfori ya mrija, na kivuli chake hakitoki tena.

Mwaka 1989 Epson ilitoa projekta yake ya kwanza ya paneli tatu za LCD. Upande wa pili, Larry Hornbeck wa Texas Instruments alibuni mwaka 1987 chipu yenye vioo vidogo mno vinavyogeuka, kila kioo kikiwa pikseli moja. Projekta za teknolojia hiyo, DLP, zilianza kuuzwa mwaka 1996.

Nyingi kati ya hizo zilitengenezwa kwa ajili ya ofisi, na hilo linaeleza mengi. Ofisi ilitaka kuonyesha tarakilishi, na tarakilishi ilikuwa 800 kwa 600 au 1024 kwa 768, yaani 4:3, kwa waya wa VGA. Ukiweka mchezo wa 16:9 kwenye projekta ya 1024 kwa 768, unatumia mistari 576 tu. Robo ya pikseli ulizonunua zinabaki nyeusi. Lakini kulikuwa na ndoa moja nzuri. Dreamcast, iliyotoka Japani mwishoni mwa 1998, ilikuwa na kisanduku cha VGA kilichotoa 640 kwa 480 safi, bila nusu nusu. Mtu mwenye Dreamcast na projekta ya kazini alipata ukutani picha ambayo runinga nyingi za wakati ule zisingeweza kuionyesha.

Na kabla hujanunua, piga hesabu ya chumba. Projekta huwa na uwiano wa umbali kwa upana. Ukiwa 1.5, mita 3 kutoka ukutani zinakupa picha yenye upana wa mita 2 na kimo cha mita 1.125, ambayo ni inchi 90 kwa mshazari. Mchezo wa 4:3 ndani ya picha hiyo utapata upana wa mita 1.5.

HDMI: waya mmoja, na mlinzi mlangoni

Desemba 2002 kampuni saba, zikiwemo Sony, Philips, Toshiba na Hitachi, zilitoa toleo la kwanza la HDMI: pini 19, picha na sauti kwenye waya mmoja, zote kidijitali. PlayStation 3 ya mwaka 2006 ilikuja nayo. Xbox 360 iliipata mwaka 2007. PlayStation 4 na Xbox One za mwaka 2013 hazikuwa na njia nyingine ya kutoa picha.

Kwa urahisi, hakuna cha kubishana. Lakini HDMI ilikuja na mlinzi anayeitwa HDCP, aliyebuniwa na Intel. Kabla ya kutoa picha, konsoli humuuliza aliye upande wa pili kama ana funguo za kuaminika. Projekta ya zamani yenye tundu la DVI lisilo na HDCP ilipata giza tupu. PlayStation 3 ilifunga hata michezo, si filamu pekee. PlayStation 4 iliruhusu kuzima kufuli hiyo wakati wa michezo kuanzia mwaka 2014.

Waliodhulumika zaidi ni wale walionunua projekta za sinema ya nyumbani mapema miaka ya 2000, zikiwa na komponenti tu. Zilikuwa na uwezo kamili wa kuonyesha ubora wa juu. Lakini kanuni za ulinzi wa diski za Blu-ray zilitaka mashine zitakazotengenezwa baada ya mwaka 2010 zishushe filamu hizo hadi ubora wa kawaida zikipita kwenye waya wa analogi. Ndiyo maana PlayStation 3 za toleo la CECH-3000, mwaka 2011, zilitoa michezo kwa ubora wa juu kupitia komponenti, lakini filamu ya Blu-ray kwa 480i au 576i. Mashine ileile, waya uleule, projekta ileile. Aliyeamua picha ionekaneje hakuwa mwenye sebule. Sisi tunaoandika programu tuukumbuke mfano huu kila tunapoombwa kuweka kufuli kwenye kitu ambacho mteja amekilipia.

Kuchelewa kulitoka wapi

Runinga ya mrija haikuwa na kumbukumbu. Ishara iliingia na papo hapo ikawa mwanga. Bunduki ya Duck Hunt ilitegemea hilo: skrini inakuwa nyeusi, bata anakuwa kisanduku cheupe kwa kitambo kidogo, na mashine inapima kama bunduki imeona mwanga wakati ule ule unaotarajiwa. Ielekeze kwenye picha ya projekta na bata wote watapona.

Projekta ya kidijitali hupokea fremu, huihifadhi, huishona kama ilikuja nusu nusu, huikuza ilingane na pikseli zake, husafisha rangi, kisha ndipo huionyesha. Kwa Hz 60 kila fremu ni milisekunde 16.7. Ikishikilia tatu, tayari milisekunde 50 zimekwenda. Filamu haijali. Mchezo unajali, na wa muziki zaidi. Ndiyo maana Rock Band 2 ya mwaka 2008 ilikuja na gitaa lenye kihisi cha mwanga na kipaza sauti, ili lipime lenyewe kuchelewa kwa skrini na kwa spika. HDMI 2.1, iliyotolewa mwaka 2017, iliongeza ishara ya konsoli kuiambia skrini iingie hali ya mchezo yenyewe. Kama projekta yako haina hiyo, itafute menyuni kwa mkono, na uzime marekebisho ya umbo la picha yanayoitwa keystone, kwa sababu kwenye baadhi ya projekta nayo huongeza muda. Sogeza meza badala yake.

Basi ufanye nini?

Kwa konsoli ya 2013 kuja juu, HDMI moja kwa moja inatosha. Kumbuka tu kwamba sauti nayo inaenda kwa projekta, kwa hiyo tafuta tundu la sauti nyuma yake upeleke kwenye redio yako.

Kwa PlayStation 2, Xbox ya kwanza na Wii, nunua kebo ya komponenti kabla ya kitu kingine chochote. Kwenye PlayStation 2 ingia mipangilio ya mfumo uchague Y Cb/Pb Cr/Pr, la sivyo rangi zitakuwa za ajabu.

Kwa mashine za zamani zaidi, jihadhari na vile visanduku vya bei rahisi vya kugeuza kompositi kuwa HDMI. Tundu litatoshea, lakini mistari 240 itashonwa vibaya na kuchelewa kutaongezeka. Jibu bora limetoka kwa watu wa kawaida wenye ujuzi. OSSC, iliyobuniwa na Markus Hiienkari wa Finland, huzidisha kila mstari unapoingia bila kusubiri fremu nzima, kwa hiyo kuchelewa kwake hakufiki hata sehemu ndogo ya fremu. Michoro na msimbo wake viko wazi, yeyote anaweza kuvisoma na kuunda yake. Kenya ilizima matangazo ya analogi mwaka 2015, na matundu ya njano yanapungua nyuma ya kila kifaa kipya. Makampuni hayana haja tena ya kukumbuka Famicom ilituma nini kwenye waya. Kumbukumbu hiyo imebaki kwa wanaoiandika na kuiacha wazi.

Mwisho, mambo mawili ya hapa nyumbani. Jua letu linazama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, basi nunua pazia nzito kabla ya kununua lumeni zaidi. Na kama projekta yako ni ya balbu, iweke kwenye UPS. Balbu hiyo huwa moto sana na feni lazima iendelee kuipoza baada ya kuzimwa; stima ikipotea ghafla, feni inasimama na balbu inabaki ikijipika. Balbu mpya si bei ya mchezo.